Sista Irene Nyaatha na Siku Zisizo za Sikukuu



Kamati ya jubilei ilipogawa kurasa za kijitabu hiki, ofisi ya katibu ilipewa kazi ya kuandika maisha ya mtakatifu mmoja ambaye kwaya yetu ingependa kumkumbuka inapotimiza miaka 25. Wengi walitaja Mtakatifu Sesilia, na haki yao, kwa maana ndiye msimamizi wa waimbaji duniani kote na kila tarehe 22 Novemba tunamwadhimisha. Lakini tulipokaa na kuzungumza zaidi, jina lililorudi mara kwa mara lilikuwa la mtu wa karibu zaidi, aliyetembea kwenye matuta haya haya ya Nyeri na ambaye bibi za baadhi yetu walimjua kwa jina la Kikuyu. Huyo ni Mwenyeheri Irene Stefani, Sista wa Consolata, aliyeitwa na watu wetu Nyaatha.

Sababu ya kumchagua haikuwa ya heshima tu. Ilitokana na daftari la mahudhurio. Anayeshika daftari hilo anajua jambo ambalo wanakwaya wengi wanalijua lakini hawapendi kulisema hadharani. Kuanzia Majilio, mazoezi hujaa. Watoto wetu walio Nairobi, Nakuru na Mombasa hurudi nyumbani, sauti zote nne hupata watu, viti vya ukumbi havitoshi, na usiku wa Noeli hata wale waliosahau njia ya kanisa husimama mlangoni wakisikiliza. Kisha sikukuu hupita. Magari hurudi mjini, karo za shule hudaiwa, mifuko hukauka (si bure mwezi huo tunauita Njaanuari), na Alhamisi ya kwanza ya mazoezi katika mwaka mpya mwalimu wa kwaya hujikuta na besi mmoja na soprano wanne. Mwaka mmoja, si zamani sana, tulifunga ukumbi tukaenda nyumbani bila kuimba hata wimbo mmoja. Ndipo likaletwa kwenye kamati pendekezo la kusimamisha mazoezi kila Januari hadi karibu na Kwaresima. Pendekezo hilo halijafa. Litajadiliwa tena mwaka huu, baada ya sherehe hizi. Tunaomba basi msomaji atuvumilie tukimsimulia maisha ya Sista huyu, kisha kila mmoja aje kwenye mkutano akiwa na la kusema.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia, mkoa wa Brescia, kando ya ziwa Idro lililozungukwa na milima. Jina la ubatizo lilikuwa Aurelia, lakini nyumbani aliitwa Mercede, neno ambalo nalo lina huruma ndani yake. Alikuwa mtoto wa tano katika familia ya watoto 12. Anayetoka katika boma lenye watoto wengi anajua maana yake: msichana aliye katikati hubeba wadogo mgongoni kabla hajamaliza kukua mwenyewe. Mama yao alifariki Mercede akiwa bado msichana, na mzigo wa wadogo ukawa wake zaidi. Pamoja na hayo alifundisha katekisimu parokiani na kuwatembelea maskini wa kijiji. Alitaka kuwa mmisionari tangu alipokuwa mdogo, lakini alisubiri hadi nyumba iweze kusimama bila yeye.

Mwaka 1911 aliondoka nyumbani akaenda Turin kujiunga na Masista Wamisionari wa Consolata. Shirika hilo lilikuwa changa kabisa, limeanzishwa mwaka mmoja tu nyuma, 1910, na Padre Giuseppe Allamano, ambaye Kanisa limemtangaza mtakatifu Oktoba 2024. Mapadre wa Allamano walikuwa wamefika katika nchi ya Wakikuyu tangu 1902. Waliandika barua wakisema kwamba bila masista kazi yao ilikuwa ya mguu mmoja, kwa sababu hakuna mwanamume mgeni angeweza kuingia jikoni kwa mama wa Kikuyu akakaa naye karibu na mafiga. Mercede alipopokea vazi la kitawa alipewa jina la Irene, ambalo kwa Kigiriki ni amani. Tarehe 29 Januari 1914 aliweka nadhiri zake.

Kwa wanaopenda kuhesabu Januari, tayari tumepata ya kwanza.

Ya pili haikuwa mbali. Mwisho wa Desemba 1914, siku chache tu baada ya Krismasi, Sista Irene aliagana na Italia akapanda meli. Tunapenda kufikiria juma lile. Italia ilikuwa bado na mapango ya Noeli makanisani, watu bado wamo katika furaha ya sikukuu, na msichana wa miaka 23 anafunga sanduku. Epifania haikumkuta kwao. Mwisho wa Januari 1915 meli ilitia nanga Mombasa, na kutoka hapo akapanda bara hadi Nyeri. Hakurudi Italia tena. Krismasi ile ya 1914 ilikuwa ya mwisho kwake katika nchi ya kwao, na kazi aliyokuja kuifanya ilianza pale sikukuu ilipokwisha.

Huku kwetu alikuta vita. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika Afrika Mashariki tangu Agosti 1914, Waingereza wakiwa upande huu na Wajerumani upande wa Tanganyika. Barabara zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo walikufa kwa kuumwa na mbung'o, kwa hiyo risasi, unga na mahema vilibebwa vichwani mwa watu. Wanaume walikusanywa kutoka kila kona ya nchi, wengi wao kwa nguvu, na vijana kutoka matuta ya Nyeri walikuwemo. Kikosi hicho cha wapagazi ndicho kilichoacha majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wachache waliuawa kwa risasi. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, nimonia, malaria na njaa. Familia kadhaa hapa Mweiga bado zina jina la babu ambaye alienda karioko na kaburi lake halijulikani.

Masista na mapadre wa Consolata waliombwa kuhudumu katika hospitali za wapagazi hao, na kuanzia 1916 Sista Irene akawa mmoja wao. Alianzia Voi. Baadaye alipelekwa Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Neno hospitali lisitudanganye. Yalikuwa mabanda yaliyojaa watu, dawa kidogo, na wagonjwa walioletwa wakiwa wamechelewa. Kila asubuhi kulikuwa na maiti za kuondolewa. Sista Irene aliosha vidonda, alilisha wasioweza kushika kijiko, alijifunza lugha za wagonjwa kadiri alivyoweza, na kwa yule aliyetaka kusikia alimsimulia habari za Mungu. Waliotaka ubatizo aliwabatiza walipokaribia kufa, na katika miaka hiyo waliobatizwa kwa mikono yake ni wengi mno.

Kuna kisa kimoja cha Kilwa ambacho husimuliwa na kila anayesimulia maisha yake, nasi hatuwezi kukiruka. Alikuwa amemfundisha mgonjwa mmoja aliyeomba ubatizo. Siku iliyofuata alipofika kwenye banda, nafasi yake ilikuwa tupu. Aliambiwa kwamba yule mtu amekufa na amechukuliwa ufuoni pamoja na maiti nyingine, ambako bahari ikijaa ingewabeba wote. Sista Irene hakusema pole akaendelea na mgonjwa wa jirani. Alitoka mbio hadi ufuoni, akaanza kusogeza maiti moja baada ya nyingine akimtafuta mtu wake. Alimkuta chini ya wengine, na alikuwa bado anapumua. Akambatiza hapo hapo mchangani.

Tukiwa wakweli, kisa hiki kilitukera kidogo tulipokisoma pamoja katika kamati. Mmoja wetu, mama mwenye umri, aliuliza ni nani kati yetu huenda kumtafuta mwanakwaya aliyekosa mazoezi mara tatu. Huwa tunaandika alama ya kukosa kwenye daftari, basi. Kimya kilikuwa kirefu mpaka chai ikapoa.

Vita vilipokwisha alirudi Nyeri, na kwa muda alisaidia kuwalea wasichana wa kwanza wa Kikuyu waliotaka maisha ya utawa. Mwaka 1920 akatumwa Gikondi, upande wa Mukurwe-ini, na huko alikaa miaka kumi hadi kifo chake. Hapa ndipo maisha yake yanapopata umbo ambalo watu wetu walilikumbuka, na hapa tungependa kukaa zaidi.

Anayeijua Gikondi anajua kwamba hakuna njia tambarare. Ni kupanda tuta, kushuka hadi mtoni, na kupanda tena. Kazi ya Sista Irene ilikuwa kufundisha shuleni asubuhi, na baada ya hapo kutoka kwenda kwenye maboma. Wanafunzi hawakuja wenyewe. Mzazi wa miaka ile aliona shule kama kupoteza mchungaji wa mbuzi, na binti kwenda shule kulionekana kama kutafuta laana. Ilimbidi Sista apite nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi, na waliokubali leo walibadili mawazo kesho, naye akarudi tena. Tunaofundisha tunaelewa uchovu huo vizuri.

Alivaa buti. Hazikuwa viatu vya sista. Zilikuwa buti nzito, kuukuu, kubwa kuliko miguu yake, na alitembea nazo haraka kiasi kwamba waliofuatana naye walibaki nyuma. Buti hizo zilipata umaarufu hata Italia, mpaka kitabu kimoja cha maisha yake kikapewa jina lake kutokana nazo. Watoto walizisikia kabla hawajamwona. Mvua kubwa ya Machi ikianza, zilizama matopeni. Kiangazi cha Januari kikifika, zilijaa vumbi jekundu la hapa kwetu. Lakini zilipita.

Alikwenda wapi? Kwa mama aliyekuwa akijifungua. Kwa mtoto mchanga mgonjwa. Kwa mzee aliyeachwa. Siku hizo, wazee wetu waliogopa mtu kufia ndani ya nyumba, hivyo aliyekaribia kukata roho alitolewa akalazwa nje kichakani karibu na moto, na fisi walijua njia. Hatuandiki haya kuwadharau waliotangulia. Kila kizazi kina hofu zake, na hata sisi tuna jamaa tuliowaacha peke yao katika vitanda vya hospitali. Tunaandika kwa sababu Sista Irene alikwenda hadi kwenye vichaka hivyo. Alikaa na mtu anayekufa, akamshika mkono. Kwa watu walioona jambo hilo halikuwa la kawaida hata kidogo, na ndiyo maana jina lilikuja. Katika Kikuyu tha ni huruma. Nyaatha ni yule ambaye huruma ni yake, mama wa huruma. Hakujipa jina hilo wala halikutoka Turin. Lilitoka katika vinywa vya akina mama wa Gikondi, na mpaka leo wasichana wengi wa Nyeri wanabatizwa kwa jina la Irene au Nyaatha. Katika soprano yetu tunao.

Kuna kazi nyingine aliyoifanya ambayo husemwa kwa kifupi tu katika mahubiri, labda kwa sababu haina maajabu. Sista Irene aliandika barua. Vijana wa Gikondi walikuwa wameanza kwenda kutafuta kazi Nairobi, Mombasa na kwenye mashamba ya wazungu. Wazazi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Mama alikuja kwa Sista, akakaa, akasema aliyo nayo moyoni: mbuzi amezaa, baba yako anaumwa mguu, mbona huleti habari. Sista akaandika. Barua ya mtoto ikirudi, Sista akaisoma kwa sauti mpaka mama aridhike. Vijana waliokuwa wanafunzi wake aliendelea kuwaandikia yeye mwenyewe, akiwauliza kama wanakwenda Misa, kama wanaishi vizuri huko ugenini. Wengine wamemwita katibu wa maskini. Msomaji ataelewa kwa nini ofisi ya katibu wa kwaya inalipenda jina hilo.

Na hebu tulitazame jambo hili kwa macho ya Januari. Mwezi ambao sisi tunalalamika kwamba vijana wamerudi mjini na kwaya imebaki mifupa, Sista Irene alikuwa na shida ile ile. Vijana aliowafundisha sala waliondoka, na hakuwa na simu wala kundi la WhatsApp. Alichukua kalamu. Hakusubiri sikukuu nyingine iwarudishe.

Mwaka 1930 alikuwa na miaka 39 na mwili wake ulikuwa umechoka. Mwezi Septemba alikwenda Nyeri kwa mafungo ya kiroho pamoja na masista wenzake. Huko aliomba ruhusa kwa mkubwa wake amtolee Mungu maisha yake kwa ajili ya misheni. Ruhusa ilikawia, kisha akapewa. Akarudi Gikondi, akavaa buti zake.

Oktoba tauni ikaingia. Mmoja wa walioshikwa alikuwa mwalimu wa shule ambaye, kwa jinsi inavyosimuliwa, hakuwa rafiki yake. Alikuwa amemsumbua na kumsema vibaya kwa sababu ya cheo cha shuleni. Watu walikuwa wakikimbia nyumba zenye ugonjwa. Sista Irene alikwenda, akamhudumia, akamkumbatia mpaka mwisho wake. Siku chache baadaye alilala yeye. Tarehe 31 Oktoba 1930 alifariki.

Akina mama wa Gikondi hawakuuliza ni ugonjwa gani uliomuua. Walisema kilichomuua ni upendo. Tumeona maneno ya namna hiyo yakiandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango ya mazishi siku hizi, hata ya watu ambao hawakumpenda mtu yeyote. Wakati ule hapakuwa na mabango, na waliosema walikuwa wamemwona akitembea.

Sasa tunafika kwenye Januari ya tatu, na hii ndiyo iliyotufanya tuandike.

Mambo ya Kanisa huenda polepole. Kesi ya kumtangaza ilianza miaka ya 1980, na mwaka 2011 Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 alikubali kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Kilichobaki ni muujiza. Muujiza huo ulitokea Msumbiji, katika misheni ya Nipepe, mkoa wa Niassa, wakati nchi hiyo ilipokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Makatekista na familia zao walikuwa wamekusanyika kwa mafunzo. Tarehe 10 Januari 1989 waasi waliingia. Watu wapatao 270, watoto wakiwemo, walijifungia kanisani na kukaa humo siku tatu hadi nne katika joto kali la mwezi huo wa kusini, bila maji ya kunywa. Maji pekee yaliyokuwemo yalikuwa machache ndani ya kisima cha ubatizo, gogo la mti lililochongwa. Walimwomba Sista Irene awaombee. Wakanywa kutoka kwenye gogo lile, watoto kwanza. Mama mmoja alijifungua humo ndani, na mtoto akaoshwa kwa maji yale yale. Hayakwisha mpaka walipotoka. Mtoto yule aliitwa Irene. Juni 2014 Baba Mtakatifu Fransisko aliidhinisha muujiza huo.

Wanakwaya wanaojua kalenda ya liturujia watafungua kalenda ya mwaka ule. Kipindi cha Noeli hakiishi tarehe 25 wala tarehe 26 Desemba. Kinaendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, kisha padre anavaa kijani na Kipindi cha Kawaida kinaanza. Mwaka 1989 Ubatizo wa Bwana ulikuwa umepita siku moja au mbili tu kabla ya tarehe 10 Januari. Kwa hiyo watu wale wa Nipepe hawakuwa katika sikukuu yoyote. Noeli ilikuwa imefungwa, kijani kimeanza, ni siku ya katikati ya wiki katika mwezi usio na ladha. Na kitu kilichowaweka hai kilikuwa chombo cha ubatizo, kikiwa na maji yaliyobaki.

Tumelizungumza hili sana kati yetu. Wapo wanaosema tunavuta kamba mno, kwamba tarehe ni tarehe tu. Inawezekana. Lakini watu wale walikuwepo kanisani siku hiyo kwa sababu makatekista hawakungoja sikukuu nyingine ndipo wakutane kwa mafunzo.

Tarehe 23 Mei 2015, Jumamosi, mkesha wa Pentekoste, Sista Irene alitangazwa Mwenyeheri. Haikufanyika Roma. Ilifanyika hapa kwetu, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kwenye barabara hii hii ya kutoka Nyeri kuja Mweiga ambayo matatu zetu hupita kila siku. Aliyeongoza ibada alikuwa Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam, na hilo lilitugusa, kwa sababu Sista alikuwa amewahudumia wapagazi huko Dar es Salaam karibu miaka mia moja kabla. Watu walifurika. Wengine wetu tulitoka Mweiga usiku tukitembea kwa miguu na sweta mbili mbili, kwa baridi ya Nyandarua mnaijua. Wakati wa ibada duara la mwanga lilionekana likilizunguka jua, na watu wengi wakaelekeza simu angani. Walimu wa sayansi wana maelezo yao kuhusu duara la namna hiyo, nasi hatugombani nao. Tunakumbuka tu kwamba tuliimba kwa sauti ambayo hatujaifikia tena tangu siku hiyo.

Na hapo ndipo penye mkuki. Mei 2015 tulikuwa wengi. Miezi michache baadaye, Januari 2016, daftari linaonyesha tulivyokuwa. Hatutaandika idadi katika kijitabu cha sherehe. Anayetaka kuona aje ofisini.

Mabaki ya Mwenyeheri Irene yamo katika Kanisa Kuu la Mama Consolata mjini Nyeri. Kila tarehe 31 Oktoba, siku ya kifo chake, ndiyo kumbukumbu yake, na mahujaji huenda Gikondi kutoka kila parokia ya jimbo. Kwa kawaida sisi huenda tukiwa wengi, na sare mpya. Lakini kuna mwaka mmoja wachache wetu tulipita pale kanisa kuu siku isiyo na chochote, Jumanne ya Januari, tukiwa tumekwenda mjini kununua vitabu vya shule. Kanisa lilikuwa karibu tupu. Bibi mmoja alikuwa amepiga magoti karibu na mabaki, kikapu chake kando yake, akisali rozari kwa Kikuyu kwa sauti ya chini. Tulipiga magoti nyuma yake. Alipofika mwisho wa fumbo alianza wimbo peke yake, bila kugeuka, na sisi tukaitikia kwa sauti tulizokuwa nazo: soprano wawili, alto mmoja na tena mmoja. Besi hapakuwa. Aliimba beti zote, akajifuta magoti, akatuamkua, akachukua kikapu akaenda zake stendi.

 Pendekezo la kusimamisha mazoezi ya Januari litajadiliwa katika mkutano mkuu wa kwaya baada ya Misa ya pili, Jumapili inayofuata sherehe hizi, na kila mwanakwaya ana kura. Wakati huo huo, mpaka uamuzi mwingine utolewe, mazoezi baada ya Krismasi yataanza Alhamisi ya kwanza ya Januari, saa kumi na moja jioni, ukumbini. Walio mjini watumiwe nyimbo mpya kwa simu mapema. Katibu ameanza orodha ya namba na anaomba kila familia imsaidie kuikamilisha. Ukumbi utafunguliwa hata kama tutakuwa wanne.